Mbolea ya ruzuku kwa mkulima mdogo wa Mombasa: mwongozo kamili, kutoka kwa naibu chifu hadi shina la mhindi

Maswali ninayoulizwa na wakulima wa Mwakirunge, Mtongwe, Jomvu Kuu na Miritini huja kwa sura tatu. Wa kwanza husema: nimejiandikisha, lakini ujumbe wa mbolea haujaja. Wa pili: ujumbe nimeupata, ila ghalani nimerudishwa. Wa tatu ndiye anayeniuma zaidi: mbolea nimenunua, nimetia, na mahindi yamekuwa manjano vilevile.

Mbolea inayotumika bara hushushwa hapa bandarini kwetu. Haifai mkulima anayesikia honi ya meli akiwa kondeni awe ndiye wa mwisho kuipata, au aipate kisha imponyoke mchangani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye robo ekari hadi ekari mbili, anayelima kwa mvua na kutumia simu ya kabambe. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Nyingi ya kasoro ninazoletewa msimu ukiwa umekwisha zilianza kwenye hatua mbili za kwanza, ambazo watu huziruka.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho chako halisi cha taifa. Nakala au picha kwenye simu isikutoshe.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho hichohicho, na iwe na huduma ya pesa.
- Pesa za mfuko na za usafiri. Bei ya ruzuku iliyotangazwa Agosti 2023 ni shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, baada ya kushushwa kutoka 3,500. Bei ya kufuata ni ile iliyo kwenye ujumbe wako wa msimu huu.
- Futi kamba, au kamba yoyote uliyoipima mita 10 na kuifunga fundo kila mita.
- Ndoo ya plastiki, jembe, na mfuko mpya wa plastiki wa kutilia sampuli ya udongo.
- Kifuniko cha soda.
- Vipande vya mbao au paleti kuukuu ya kuwekea mbolea.
- Daftari na kalamu.

Ukikosa futi kamba utaazima kwa jirani. Ukikosa laini yenye jina lako, hakuna jirani atakayekuokoa, kwa hiyo tuanze na laini.

## Hatua ya 1: Hakikisha jina, kitambulisho na laini ni vya mtu mmoja

Mama mmoja wa Mwakirunge alinionyesha simu yake. Alikuwa amejiandikisha kwa kitambulisho chake, akatoa namba anayoitumia kila siku, akangoja msimu mzima bila kupata kitu. Tulipofuatilia, laini ile ilikuwa bado kwa jina la mumewe, aliyefariki miaka kadhaa nyuma. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa aliyesajiliwa ni mimi au ni marehemu?" Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Ilibidi aende akasajili laini mpya kwa jina lake, kisha arudi kwa naibu chifu namba ibadilishwe.

Mfumo unaoweka kumbukumbu za wakulima, KIAMIS, unakujua kwa namba ya kitambulisho na namba ya simu. Vocha, yaani ujumbe unaokuruhusu kununua mbolea ya ruzuku, hutumwa kwenye namba iliyoandikwa, na malipo hufanywa kwa simu. Namba ikiwa si yako, au uliibadilisha baada ya simu kuibiwa kwenye matatu, vocha itaenda kwa mwingine au itapotelea hewani.

Fanya hivi: nenda kwa wakala wa kampuni yako ya simu na kitambulisho, uulize laini hii iko kwa jina la nani. Ikiwa ni ya mtoto, mume au ndugu, sajili nyingine. Kisha ingia kwenye ujumbe wa simu ufute uliojaa. Simu ya kabambe ikijaa haipokei ujumbe mpya, na vocha kadhaa zimekwama kwa sababu ndogo kama hiyo.

Utajua umefaulu ukijaribu kutuma pesa kidogo kwa jirani, na jina linalotokea kwenye simu yake likawa sawa na lililo kwenye kitambulisho chako.

## Hatua ya 2: Pima konde kabla ya kuulizwa

Idadi ya mifuko unayoruhusiwa hutegemea ekari zilizoandikwa. Watu wengi wakiulizwa "unalima ekari ngapi?" hujibu kwa kukisia. Anayepunguza hupata mifuko pungufu. Anayeongeza huishia kununua mbolea isiyolingana na shamba, na nimeona matokeo yake: mimea iliyoungua.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, karibu na mraba wa mita 64 kwa mita 64. Pima urefu wa konde kwa mita, pima upana, zidisha, kisha gawanya kwa 4,047. Konde la mita 40 kwa 25 ni mita za mraba 1,000, yaani robo ekari hivi. Likiwa limepinda, ligawe vipande vya mstatili, upime kila kimoja, ujumlishe.

Toa nyumba, choo, banda la kuku na kivuli cha mwembe pasipoota kitu. Minazi iliyotawanyika si lazima uitoe ikiwa unapanda katikati yake.

Andika kwenye daftari eneo lote, na chini yake kila zao na sehemu yake: mahindi, muhogo, kunde, mchicha, bamia. Utahitaji hesabu hii mara tatu zaidi kabla ya kuvuna.

## Hatua ya 3: Jisajili, au hakiki usajili wa zamani

Usajili hupitia ofisi ya chifu na naibu chifu, pamoja na maafisa wa kilimo. Hautozwi pesa. Nalisema mapema kwa sababu mtaani kuna wanaoomba "ya chai" wakidai watakuingiza kwenye orodha. Ukiombwa, ondoka uende ofisini mwenyewe.

Beba kitambulisho, simu na daftari lako. Utaulizwa jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mahali ulipo, ukubwa wa shamba, mazao na mifugo.

Wengi hapa Mombasa hulima ardhi isiyo na hati, au ya mwenye shamba asiyeonekana, au ya kukodi, na hofu ya kuulizwa hati huwafanya wasiende kabisa. Nenda. Kinachotafutwa ni kama wewe ndiye unayelima pale, na mzee wa mtaa ndiye anayelijua hilo. Ongea naye kabla ya siku ya usajili, na ikibidi mwende pamoja.

Aliyesajiliwa msimu uliopita naye aende. Omba usomewe namba ya kitambulisho tarakimu moja baada ya nyingine, kisha namba ya simu vivyo hivyo, huku wewe ukiangalia kadi yako. Kosa la tarakimu moja hakuna mtu atakayekuletea taarifa yake. Utaligundua mwezi wa nne, mvua ikinyesha, na majirani wanapanda.

Lini? Kwa mvua ya mwaka, yaani masika, hakiki mwezi wa kwanza. Kwa vuli, mapema mwezi wa tisa. Anayeanza kuulizia anapoona mawingu ameshachelewa, kwa sababu mbolea ya kupandia inatakiwa iwe nyumbani siku mvua inaposhika.

## Hatua ya 4: Chukua sampuli ya udongo

Hatua hii watu huiona ya wasomi. Mimi naiona ndiyo inayookoa pesa kuliko zote.

Udongo wetu si mmoja. Mchanga wa karibu na bahari hauna nguvu ya kushika virutubisho: mvua moja kubwa huvishusha chini ya mizizi. Penye mawe ya matumbawe, upande wa Bamburi na Nyali, udongo una chokaa nyingi na huifunga fosforasi isichukuliwe na mmea. Ukienda ndani kuelekea Mwakirunge unakutana na udongo mzito zaidi. Mtu wa Bamburi akimwiga wa Mwakirunge, anatupa hela.

Fanya kazi hii wakati wa kaskazi, udongo ukiwa mkavu:

Tembea kondeni kwa mwendo wa nyoka, usimame mahali 10 hadi 15. Kila mahali ondoa majani ya juu, chimba hadi sentimita 20, kisha kata kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini ya shimo. Tia kwenye ndoo ya plastiki. Epuka penye jivu, penye kichuguu, chini ya mti, na pale ulipowahi kurundika samadi.

Changanya vizuri, chukua kama nusu kilo, anika kivulini. Tia kwenye mfuko mpya, na uandike jina lako, mahali, zao ulilolima na unalotaka kulima.

Onyo: usitumie ndoo ya bati, na usibebe udongo kwenye mfuko uliokuwa na mbolea. Chembe chache za mbolea zilizobaki zitafanya maabara iamini shamba lako limeshiba, uambiwe usitie kitu, kumbe lina njaa. Kosa hili hufanywa na watu wenye nia njema kabisa, kwa kuwa mfuko wa mbolea ndio ulio karibu.

Mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako akuelekeze maabara na gharama. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ina maabara ya udongo Kabete, na hapa karibu kuna kituo chake Mtwapa, ng'ambo ya daraja, ambako unaweza kuomba ushauri wa mazao ya Pwani. Uliza mapema majibu huchukua muda gani.

Huna pesa za maabara msimu huu? Endelea na hatua zinazofuata, ila weka akiba kidogo kwa ajili ya kipimo msimu ujao.

## Hatua ya 5: Chagua mbolea kwa kazi yake

Namba zilizo kwenye mfuko zina maana. Ya kwanza ni naitrojeni, ambayo hukuza majani. Ya pili ni fosforasi, ya mizizi na mwanzo wa mmea. Ya tatu ni potasiamu, inayotakiwa sana na muhogo, minazi na matunda.

Za kupandia: DAP (18-46-0), NPK 23-23-0, NPK 17-17-17. DAP ina fosforasi nyingi na inafaa mahindi. Ukiitumia kila msimu bila kupumzika, udongo wa mchanga huzidi kuwa chachu. Ndiyo maana mwenye konde la mchanga namshauri abadilishane na NPK 17-17-17, ambayo ina potasiamu ambayo mchanga hukosa.

Za kukuzia: CAN ina naitrojeni karibu asilimia 27, urea ina asilimia 46, na salfeti ya amonia asilimia 21.

Hapa pana hesabu ambayo watu hawaifanyi. Ikiwa mifuko yote inauzwa 2,500, mfuko wa urea unakupa kilo 23 za naitrojeni na wa CAN kilo 13 na nusu hivi. Kwa shilingi ileile, urea inakupa zaidi ya mara moja na nusu. Lakini urea ikiachwa juu ya udongo wenye joto, naitrojeni yake hupanda hewani kama harufu ya amonia, na joto la Mombasa mnalijua. Kwenye udongo wa chokaa hupotea haraka zaidi. Kwa hiyo, kama utafukia kila shimo siku hiyohiyo, chukua urea. Kama unajua utarusha kwa mkono na kuondoka, chukua CAN.

Kwenye udongo wa matumbawe, salfeti ya amonia hupunguza ukali wa chokaa kidogo kidogo. Ikiwa ipo kwenye orodha yako ya msimu, iangalie kwanza.

Kwa tuta za mboga zinazonyweshwa maji ya kisima, onja maji. Ukihisi chumvi, punguza mbolea ya chumvichumvi na utumie samadi zaidi. Mbolea ya MOP, ile ya potasiamu, ina kloridi nyingi, usiitie kwenye tuta hizo kabisa.

## Hatua ya 6: Ujumbe, usafiri, ghala

Ujumbe wa vocha ukifika, usome wote kabla ya kusimulia mtu. Tazama aina ya mbolea, idadi ya mifuko, bei na kituo cha kuchukulia. Nakili namba ya vocha kwenye daftari, maana simu huanguka majini.

Vituo huwa maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), shirika la biashara la serikali (KNTC), au vyama vya ushirika vilivyoteuliwa. Uliza kwa afisa wa kilimo kama mbolea yako imeshafika kituoni hapo kabla ya kupanda gari. Ujumbe unaonyesha unastahili kuuziwa. Hauonyeshi kama mfuko umeshaingia ghalani leo.

Piga hesabu ya safari. Tuseme mfuko ni 2,500 na kwenda na kurudi na mzigo ni 600: mfuko wako umekuwa 3,100. Linganisha na bei ya agroveti wa karibu. Mara nyingi ruzuku bado inashinda, ila kwa mtu wa mfuko mmoja tofauti huliwa na nauli. Dawa yake ni watu sita au saba wenye vocha za kituo kimoja kukodi pikapu pamoja, kila mtu na kitambulisho chake. Walio Likoni na Mtongwe, barabara ya Dongo Kundu inawatoa upande wa Miritini bila kupitisha mzigo kwenye feri. Ulinganishe gharama zote mbili.

Nenda mwenyewe. Kumtuma mtoto na picha ya kitambulisho ndiyo sababu kubwa ya "nimerudishwa". Kwa mzee asiyeweza kusafiri, uliza kituoni siku kabla wanakubali utaratibu gani.

Lipa kwa njia iliyo kwenye maelekezo rasmi, na jina la mpokeaji lisome kabla ya kubonyeza kukubali. Hakuna afisa anayehitaji namba yako ya siri ya pesa. Anayeiomba ni mwizi, hata akijua jina lako na idadi ya mifuko yako.

Ujumbe usiukalie. Mwenye kungoja "nikipata pesa mwezi ujao" hukuta akiba ya ghala imekwisha au vocha haifanyi kazi.

Utajua umefaulu ukiwa na mfuko, risiti yenye jina lako, na ujumbe wa malipo kwenye simu. Vitatu, si viwili.

## Hatua ya 7: Kagua mfuko palepale

Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iligunduliwa ndani ya mpango wa ruzuku wenyewe, na wakulima wa nchi hii walipata hasara isiyo ya kwao. Tangu hapo simwambii mtu yeyote kwamba mfuko ukitoka ghala la serikali basi hauna haja ya kuangaliwa.

Angalia mshono wa juu: uwe wa kiwandani, mstari mmoja ulionyooka, usio na dalili ya kufumuliwa na kushonwa tena. Soma jina la mbolea, viwango vya virutubisho, mtengenezaji au mwagizaji, uzito, tarehe, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mfuko uupandishe kwenye mizani. Ubonyeze: chembe zisukumane kama mtama. Uliokuwa jiwe umeshanyonya unyevu.

Nyumbani, tia kijiko kimoja cha mbolea kwenye glasi ya maji safi, ukoroge, uache dakika kumi. Urea huyeyuka yote na glasi huwa baridi mkononi kana kwamba imetoka kwenye friji. CAN nayo hupoza maji, lakini huacha maji meupe na tope laini chini, kwa sababu ya chokaa iliyomo. Hiyo ni kawaida yake. DAP huyeyuka sehemu kubwa na kuacha mashapo kidogo. Kinachotakiwa kukutia shaka ni changarawe: mchanga mgumu unaokwaruza vidole, vijiwe vyenye rangi ya kokoto, au chembe ambazo baada ya saa nzima ziko kama zilivyoingia.

Kipimo hiki hakithibitishi ubora, hugundua udanganyifu wa wazi tu. Ukipata shaka, usitie shambani. Acha mfuko na lebo yake, weka risiti, na upeleke taarifa kwa afisa wa kilimo, chifu na KEBS. Asiye na risiti wala lebo hana pa kuanzia.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Hewa ya Mombasa ina unyevu mchana na usiku. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, chumba kisicholalwa na watu, mbali na jiko, mafuta ya taa na petroli. CAN hasa isikae karibu na moto. Mfuko uliofunguliwa ukunje mdomo, uufunge kwa kamba, kisha uutie ndani ya mfuko wa plastiki. Isiguswe na watoto wala mbuzi.

## Hatua ya 9: Tia mbolea ya kupandia

Kwa mahindi, kiwango cha kuanzia ambacho maafisa wengi hukitoa ni mfuko mmoja wa DAP kwa ekari. Majibu ya maabara yakisema vingine, fuata maabara.

Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, inakupa mashimo kama 10,800 kwa ekari. Gawa kilo 50 kwa mashimo hayo: kila shimo linapata chini kidogo ya gramu 5. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa juu kinakaribia hapo. Hakikisha mwenyewe: jaza vifuniko 100 uvipime kwenye mizani ya duka. Ikitoka karibu nusu kilo, kifuniko chako ni sahihi. Ikizidi, usijaze hadi ukingoni.

Kwa lile konde la robo ekari, utatumia kilo 12 hadi 13 tu. Mfuko mmoja unawatosha majirani wanne wenye makonde kama hayo.

Mpangilio wa shimo ndipo wengi wanapoharibu:

Chimba sentimita 10 hadi 15. Kama una samadi iliyoiva, tia konzi moja au mbili chini. Ya kuku isiyoiva huunguza, na hapa kwetu ya kuku ndiyo inayopatikana kwa wingi. Irundike na kuifunika miezi miwili mitatu kwanza. Tia kifuniko kimoja cha mbolea, changanya na udongo, kisha rudishia udongo wa unene wa vidole viwili. Ndipo uweke mbegu, ufukie sentimita 5.

Vile vidole viwili ndiyo hatua nzima. Mbolea ikigusa mbegu hunyonya maji yake, na mbegu hufa kabla ya kuota. Ukiona mapengo kondeni, fukua: mbegu iliyoungua huwa imevimba kidogo, kahawia, laini. Iliyoliwa na ndege au panya huikuti kabisa. Usilaumu kampuni ya mbegu kabla ya kufukua.

Tumia mbegu za Pwani, kama PH1 au PH4, ambazo hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Mbegu za nyanda za juu zitakula mbolea yako na kukukosesha mvua.

Panda mvua ikishalowesha udongo kina cha kiganja kizima. Manyunyu ya siku moja yasikudanganye.

Utajua umefaulu siku ya saba hadi ya kumi, zaidi ya mashimo tisa kati ya kumi yakiwa yameota, na majani machanga yakiwa kijani. Rangi ya zambarau kwenye majani machanga ni dalili ya kukosa fosforasi.

## Hatua ya 10: Mbolea ya kukuzia, kwa mikupuo miwili

Bara hutia mara moja mahindi yakifika magotini. Sisi tusiige. Mvua ya mwaka hupiga zaidi mwezi wa tano, na mchanga wetu hauwezi kushika naitrojeni yote kwa mkupuo mmoja. Wale wa "nimetia na bado manjano" wengi walitia mfuko mzima, ikanyesha usiku kucha, na asubuhi mbolea ilikuwa imeshuka mahali mizizi haifiki.

Kwa hiyo gawanya. Nusu wiki ya tatu baada ya kuota, nusu ya pili wiki ya sita hivi. Kwa CAN mfuko mmoja kwa ekari, hiyo ni nusu kifuniko kwa shimo kila mara. Kwa urea, nusu mfuko kwa ekari unakaribia kufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo kila mara ni robo kifuniko, na ufukie.

Palilia kwanza. Ukitia mbolea penye magugu, umeyalisha magugu.

Ngoja udongo uwe na unyevu, si tope, wala si mkavu. Sikiliza utabiri wa idara ya hali ya hewa: ikiwa mvua kubwa imetajwa kesho, ngoja ipite. Chimba kijishimo umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, upande wa juu kama konde lina mteremko, tia, fukia. Usimwage kwenye moyo wa mhindi, chembe hukwama kwenye majani na kuyachoma.

Soma majani kabla ya mkupuo wa pili. Majani ya chini yenye manjano yanayoanzia nchani na kufuata mshipa wa kati kama herufi V: naitrojeni. Majani ya chini yaliyokauka kingoni tu: potasiamu, na CAN haitasaidia hapo. Manjano yaliyoenea baada ya maji kutuama: ni mizizi inayokosa hewa. Chimba mfereji wa kutoa maji, na mbolea iache nyumbani kwanza.

Wiki moja hadi mbili baada ya kutia, majani mapya yawe kijani kilichokolea na shina lianze kunenepa.

## Hatua ya 11: Acha mistari mitatu bila mbolea

Najua inauma. Lakini mistari hiyo ndiyo itakayokuambia kama mbolea imelipa. Siku ya kuvuna, pima mahindi ya mistari mitatu yenye mbolea na mitatu isiyo nayo. Geuza tofauti iwe ya ekari nzima, uithamini kwa bei ya sokoni Kongowea siku hiyo, kisha utoe gharama za mifuko na usafiri.

Andika yote katika ukurasa mmoja: tarehe ya kupanda, aina ya mbolea, namba ya risiti, tarehe za mikupuo miwili, siku za mvua kubwa, mavuno ya pande zote mbili. Afisa wa kilimo akija, mpe daftari alisome kabla hajaanza kukushauri.

Kisha fungua ukurasa unaofuata, uandike juu: wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, kwenda kwa naibu chifu kusomewa namba.